Mabua au vizibo, udongo au karatasi: kuchagua kazi za mikono kwa darasa la msingi Dodoma

Mwalimu wa darasa la pili mwenye watoto 60, kipindi cha dakika 30 na ndoo moja ya maji hajapungukiwa mawazo. Kazi za mikono anazijua: kuhesabu kwa vizibo, kufinyanga, duka la darasa, ramani ya karatasi iliyopondwa, bustani. Kinachomsumbua ni ipi aanze nayo, na ipi aiache hata kama wageni wakija inapendeza. Hapa tunazilinganisha mbilimbili na tatutatu, zile zinazogombea kazi moja, kwa hali ya Dodoma: mvua za msimu mmoja, tangu mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha miezi ya ukavu, vumbi na upepo.

Kipimo cha kwanza ni hiki: katika dakika yoyote ya kipindi, ni watoto wangapi ambao mikono yao inafanya jambo lenyewe linalofundishwa? Kupaka rangi hakuhesabiwi, wala kukata maboksi, wala kungoja zamu. Baada ya hapo ndipo tuulize maji, msimu na mahali pa kutunzia vifaa. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa, lakini mahesabu ya hapa yote ni ya watoto 60, maana ndivyo hali ilivyo kwingi. Wako wakiwa 90, zidisha kwa moja na nusu.

Kuhesabu: vizibo, mbegu za ubuyu au mabua

Vizibo vya soda ndivyo vinavyokimbiliwa na kila mtu, na si bure. Havina gharama, havioti, haviliwi na panya, na ndani yake unaweza kuandika namba au silabi kwa maka. Mtoto anavipanga, anavihesabu, anavilinganisha. Ubaya wa kwanza ni kingo. Kizibo kilichopindwa na opena kina meno yaliyotoka nje, na watoto 60 wakikimbilia ndoo ya vizibo lazima mmoja achanike kidole. Vigonge kwa nyundo kingo zilale, au chagua vile ambavyo havijapinda. Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi na hausemwi: vizibo kumi hubaki kuwa vizibo kumi. Havifungiki vikawa kitu kimoja. Kwa mtoto anayejifunza kwamba kumi ni "moja" ya namna nyingine, vizibo havina la kumwambia.

Mbegu za ubuyu ni zawadi ya Kanda ya Kati. Mibuyu iko kila upande, wauza ubuyu wako kila soko, na mbegu baada ya kumung'unywa hutupwa chini. Zikusanye, zioshe, zianike siku mbili. Ukizilinganisha na maharage na mahindi, ambayo waalimu wengi huanza nayo, mbegu za ubuyu ni ngumu kiasi kwamba wadudu hawazitoboi, na hakuna mtoto mwenye njaa atakayezila. (Kopo la maharage la darasa la kwanza hupungua kila Ijumaa, na tusijifanye hatujui yanakokwenda.) Hatari yake ni udogo. Mbegu ya ubuyu inaingia puani au sikioni mwa mtoto wa miaka sita, kwa hiyo usizigawe kisha ukageuka kuandika ubaoni dakika kumi.

Vizibo na mbegu vyote viwili vinafanya kazi maradufu ukiviweka kwenye trei ya mayai. Trei ya kawaida ina mashimo 30, safu 6 za mashimo 5. Ikate kila baada ya safu mbili, upate fremu 3 zenye mashimo 10 kila moja. Mtoto akiweka mbegu 7 kwenye fremu anaona bila kuhesabu kwamba tano zimejaza safu moja, mbili ziko safu ya pili, na mashimo matatu yamebaki kufika kumi. Jambo hilo kwenye mbegu zilizotawanyika mezani halionekani. Watoto wawili wawili, fremu mbili kwa kila jozi ili wafike 20, ni fremu 60, yaani trei 20. Wakaangaji wa chipsi mayai huwa nazo nyingi. Zipigwe jua siku nzima kabla ya kuingia darasani, na zenye ute au kinyesi cha kuku zitupwe, usihangaike kuziosha: karatasi ile ikilowa inameguka.

Mabua yanashinda vyote pale somo linapofika kwenye makumi na mamoja. Kwa nini? Kwa sababu yanafungika. Bua moja ni moja. Mabua kumi yakifungwa kwa mpira ni fungu moja, na fungu hilo mtoto analishika kwa mkono mmoja. Vikundi 12 vya watoto watano, kila kikundi mafungu 9 na mabua 9 ya kulegea, ni mabua 1,188. Kila mtoto akileta 20 unapata 1,200, kumi na mawili yanabaki ya akiba. Urefu ni sentimita 10, unene kama wa penseli. Bua la mtama likiwa nene mno tumia la uwele, au sehemu ya juu ya mtama. Agiza siku ya kufunga shule mwezi Juni, mavuno yakiwa yamekwisha na mabua yamejaa mashambani. Ukingoja Oktoba utakuta yameliwa na ng'ombe au yamechomwa. Ukatwaji ufanyike nyumbani na mtu mzima. Yakifika, yaanike juani siku tatu ili wadudu waliomo ndani wafe, vinginevyo baada ya mwezi utakuta unga mweupe chini ya boksi na mabua matupu.

Mpira wa kufungia usinunue. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokwisha, ukikatwa vipete vya milimita 4, sentimita 45 tu zinatoa vipete zaidi ya 108 unavyohitaji. Kipete kizungushwe mara mbili ili kibane.

Tazama sasa kinachotokea mezani kwenye 34 − 18, swali linalowaangusha watoto wengi wanaotoa kwa kukopa bila kujua wanakopa nini. Kikundi kina mafungu 3 na mabua 4. Kuondoa 8 kwenye 4 haiwezekani. Mtoto anavua mpira kwenye fungu moja. Sasa ana mafungu 2 na mabua 14. Anaondoa 8, yanabaki 6. Anaondoa fungu 1, linabaki 1. Jibu 16 liko mezani kabla halijaandikwa.

Makosa ni mawili, na yote hurudi kila mwaka. La kwanza, mtoto anavua mpira lakini mabua kumi anayaacha palepale upande wa makumi, kisha anachanganyikiwa. Chora mstari wa chaki katikati ya dawati, kushoto makumi, kulia mamoja, na weka sheria: kisicho na mpira hakikai kushoto. La pili, fungu lina mabua 9 au 11. Mtoto anafanya kila kitu sawasawa, anapata jibu la ajabu, na anajilaumu mwenyewe. Kila kikundi kihesabu mafungu ya kikundi jirani kabla ya kuanza. Ni dakika mbili, na ni zoezi la kuhesabu lenyewe.

Kwa hiyo: darasa la kwanza hadi namba 20, mbegu au vizibo pamoja na trei. Darasa la pili, mabua. Ukiwa na nguvu za kuandaa kitu kimoja tu kwa mwaka mzima, andaa mabua, kwa maana yanaweza kufanya kazi ya vizibo, ila vizibo haviwezi kufanya ya mabua.

Duka la darasa

Maboksi matupu ya sabuni na majani ya chai, noti za karatasi, muuzaji mmoja nyuma ya meza. Linapendeza, na ndilo hupigwa picha. Hesabu mikono: kila mnunuzi akitumia dakika mbili, kwa dakika 30 watoto 15 wamenunua na 45 wamepiga soga. Duka linafaa tu ukiligawa. Weka genge moja kwa kila kikundi, bidhaa tano zenye bei, muuzaji mmoja na wanunuzi wanne, na zamu ya uuzaji ibadilike kila dakika tano. Anayejifunza zaidi ni muuzaji, kwa sababu ndiye anayerudisha chenji. Bei ziwe za kweli za mtaani. Mtoto anayetumwa dukani kila jioni akikuta sukari ya shilingi 10 ataona mchezo wenu ni wa uongo.

Herufi: mchanga au udongo

Kufinyanga herufi ni kazi inayosifiwa sana kwenye Kusoma na Kuandika, na sisi tunaipunguzia sifa. Mtoto akitengeneza "b" ya udongo anaviringisha kamba, anaviringisha duara, anaviunganisha. Herufi inatokea, lakini mkono haujapita njia ambayo kalamu itapita. Ameijenga, hajaiandika. Tena "b" hiyo ikigeuzwa juu ya dawati imekuwa "d", ndilo kosa tunalohangaika kuliondoa.

Mchanga unafundisha mwendo. Kifuniko cha boksi cha sentimita 20 kwa 30, mchanga uliochekechwa wa kina cha sentimita 1, kidole. Mtoto anaandika, mwenzake anaangalia kidole kilipoanzia, wanatikisa kifuniko, herufi imefutika. Kwa dakika tano kila mmoja ameandika "b" mara ishirini. Kila kifuniko kinachukua mchanga wa mililita 600 hivi, kwa hiyo vifuniko 30 vya jozi 30 vinahitaji lita 18: debe moja linatosha na linabaki.

Mchanga wa korongo ndio mzuri, si udongo mwekundu wa uwanjani, ambao ukikauka unakuwa vumbi na ukilowa unakuwa tope. Rashia lita moja ya maji kwa debe na uchanganye kabla ya kipindi. Mchanga mkavu kabisa hujifukia, alama haionekani. Uliolowa sana hung'ang'ania kidole. Julai na Agosti, upepo unapovuma, funga madirisha ya upande unaotoka upepo au fanya kazi hii asubuhi kabla haujachacha, maana mchanga machoni mwa mtoto mmoja unamaliza kipindi cha darasa zima.

Udongo una nafasi yake: maumbo yenye pande tatu, vyombo, wanyama, mfano wa jino, mfano wa mto na kingo zake. Mpinzani wake wa kweli ni karatasi.

Udongo au karatasi iliyopondwa

Hapa ndipo uchaguzi unakosewa sana, kwa sababu vitu hivi viwili vinataka misimu iliyo kinyume. Udongo unataka kukauka polepole. Karatasi inataka kukauka haraka. Mwalimu anayefinyanga Septemba na kuponda karatasi Februari amejitafutia kazi iliyopasuka na kazi iliyoota ukungu.

| | Udongo | Karatasi iliyopondwa |
|---|---|---|
| Msimu wake | Januari hadi Aprili | Julai hadi Novemba |
| Malighafi kwa watoto 60 | Ndoo moja ya lita 10 ya udongo mkavu | Madaftari 16 yaliyokwisha, unga wa ngano vikombe 2 |
| Maji, pamoja na kunawa | Karibu dumu la lita 20 | Karibu dumu pia, lakini nusu inarudi kumwagilia mti |
| Maandalizi kabla ya kipindi | Siku 2 hadi 3 | Usiku mmoja na saa moja ya kutwanga |
| Kukauka | Siku 4 hadi 5 kivulini | Siku 2 hadi 3 juani |
| Adui | Jua la ghafla, kokoto | Ukungu, panya, mchwa |
| Unakaa muda gani | Hadi uanguke au ulowe | Mwaka au zaidi ukining'inizwa |

Udongo mzuri utaupata mbugani, kule kweusi kunakopasuka kiangazi, au kwenye kichuguu kilichohamwa. Kichuguu kilicho hai kiache. Na hata kilichohamwa kikague kwanza, maana nyoka hujificha humo. Kabla hujabeba ndoo nzima, pima. Lowesha kiganja kimoja cha udongo, viringisha kamba yenye unene wa penseli, izungushe kwenye kidole. Ikizunguka bila kupasuka, chukua. Ikikatika vipande, mchanga umezidi.

Nyumbani au shuleni, ponda mabonge, loweka kwa lita 7 hivi za maji usiku kucha, koroga, kisha chuja kwa chandarua chakavu kilichooshwa vizuri ili kokoto na mizizi vibaki juu. Acha utulie, mwaga maji ya juu, tandaza uji wa udongo juu ya sandarusi kivulini mpaka usishike tena mkononi. Kila mtoto atapata bonge la gramu 150, ukubwa wa chungwa dogo. Wote 60 ni kilo 9.

Kazi ikiharibika, karibu mara zote sababu ni moja kati ya tatu. Unene: kitu kinene kuliko sentimita 1.5 hukauka nje kikiwa kibichi ndani, nje kunasinyaa, ndani hakusinyai, panapasuka. Mnyama mnene atobolewe chini kwa kijiti na kuchimbwa katikati. Viungo: miguu na mikia iliyobandikwa kwa kubonyezwa tu huanguka ikikauka. Sehemu zote mbili zichanjwe kwa kijiti, zipakwe uji wa udongo, kisha zibanwe. Jua: watoto watakimbia kuanika nje kama wanavyoona tofali zikianikwa. Usiku wa kwanza funika kazi kwa gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, kisha ziache kwenye kona ya darasa isiyopigwa upepo. Kuchoma kwa moto tusiguse. Ni fundi mfinyanzi anayejua, na kazi ya darasa haihitaji.

Kunawa ndiko kunakokula maji. Kibuyu chirizi kinatumia kama mililita 200 kwa mtoto, watoto 60 ni lita 12. Beseni moja la pamoja lina maji kidogo zaidi, ila baada ya mtoto wa kumi ni tope. Wafute mikono kwanza kwa majani makavu au gazeti, kisha wanawe.

Karatasi sasa. Chana madaftari vipande vya ukubwa wa stempu, ondoa pini zote, loweka usiku kucha, twanga kwenye kinu mpaka mistari ya daftari isionekane. Kamua. Hatua hii ya kukamua ndiyo huharakishwa, na ndiyo chanzo cha ramani zilizopinda: maji yaliyobaki yanalowesha boksi la chini, yakikauka karatasi inasinyaa na kulivuta boksi likawa kama sinia. Kamua mpaka bonge lisidondoshe tone. Kwa usalama zaidi bandika maboksi mawili, mistari ya ndani ya moja ikikingama na ya jingine.

Gundi: koroga vikombe 2 vya unga wa ngano katika vikombe 2 vya maji baridi mpaka mabuje yaishe, mimina kwenye vikombe 8 vya maji yanayochemka, koroga dakika tatu, ongeza vijiko viwili vikubwa vya chumvi kupunguza ukungu. Unga wa muhogo unafaa pia. Sembe haushiki, unabaki chengachenga na ukikauka unapukutika. Kikombe kimoja cha gundi kwa kila lita ya karatasi iliyokamuliwa kinatosha.

Kazi inayoifaa karatasi kuliko chochote ni ramani ya Tanzania yenye miinuko, kwa darasa la nne na kuendelea katika Jiografia na Mazingira. Nchi yetu ina upana na urefu wa kilomita 1,200 hivi, kwa hiyo ramani ya sentimita 30 kwa 30 inatoa kipimio rahisi: sentimita 1 kwa kilomita 40. Kwa kwenda juu tumia sentimita 1 kwa mita 1,000. Kilimanjaro, mita 5,895, unasimama karibu sentimita 6. Dodoma iko kwenye mita 1,100 na ushei, kama sentimita 1.1. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134, karibu sawasawa na Dodoma, na uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773. Mtoto anayepaka karatasi hiyo kwa vidole anagundua kitu ambacho ramani bapa haimwambii: kwamba katikati ya nchi hakuna bonde wala mlima mkubwa, kuna meza pana iliyoinuka, na pwani ndiyo iliyo chini. Waambie pia ukweli wa kipimio: kwenda juu tumekuza mara 40. Bila kukuza, Kilimanjaro kwenye ramani hiyo ungekuwa milimita 1.5, unene wa sarafu.

Ramani 12, moja kwa kikundi, zinahitaji lita 7 na nusu hivi za karatasi iliyokamuliwa. Mikono mitano kwenye ramani ya sentimita 30 inabanana, ni kweli. Gawa: mmoja pwani, mmoja kaskazini, mmoja magharibi na maziwa, mmoja nyanda za juu kusini, mmoja uwanda wa kati. Ikikauka, itobolewe tundu na kutundikwa kwenye msumari. Ukiiegemeza ukutani sakafuni, mchwa watapanda kwa nyuma kimyakimya, na siku utakayoinyanyua utabaki na rangi ya juu tu.

Kwa mwaka mzima chukua vyote viwili, kila kimoja kwa msimu wake. Kwa mwalimu aliye peke yake na maji ya kununua kwa dumu, karatasi.

Mimea: chupa au gunia

Chupa ya plastiki iliyokatwa juu, karatasi imezungushwa ndani, pamba au mchanga katikati, mbegu zimebanwa kati ya karatasi na ukuta wa chupa: maji ya nusu kikombe kwa siku chache, na kunde zinaonyesha mzizi ndani ya siku tatu au nne. Weka kunde upande mmoja na uwele upande wa pili, watoto waone jani moja na majani mawili yakitoka kwenye chupa ileile. Gunia la mchicha linataka wiki tatu hadi nne, na kiangazi linakunywa ndoo kwa siku, halafu Jumamosi na Jumapili nani atamwagilia? Kwa kujifunza kuota, chupa. Gunia ni la kilimo na mboga ya mezani, si la somo la siku tano.

Mbegu zilizooza mara nyingi zimezamishwa. Karatasi iwe na unyevu tu, maji yasisimame juu ya mbegu. Na mbegu za pakiti zenye rangi nyekundu au kijani zina dawa. Zisiingie mikononi mwa watoto.

Mvua au kivuli

Haya ni mazoezi ya kupima, kuanzia darasa la tatu. Kipima mvua ni cha muhula wa kwanza tu. Ukikitengeneza Agosti kitapima vumbi. Kata chupa ya lita 1.5 yenye kuta zilizonyooka, zile zenye mikunjo au kiuno zinadanganya. Geuza sehemu ya juu bila kizibo iwe faneli. Chini weka kokoto na maji mpaka mahali kuta zinapoanza kunyooka, na hapo ndipo sifuri. Bandika rula: milimita ya rula ni milimita ya mvua, kwa sababu mdomo na kuta vina upana mmoja. Kifunge kwenye kigingi kisiangushwe na upepo, mdomo uwe sentimita 30 juu ya ardhi ili matone yasiruke kuingia. Jengo lenye urefu wa mita 4 liwe mbali mita 8. Kisomwe saa 3 asubuhi kila siku, kisha maji yarudishwe kwenye sifuri. Weka viwili, mita kumi kutoka kimoja hadi kingine, kwani yupo mtoto atakayemimina maji ili aone kama utagundua.

Uzuri wa mvua ni hesabu yake. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Bati la darasa lenye mita 9 kwa 7, mvua ya milimita 20, ni lita 1,260. Kwa mtoto anayebeba dumu la lita 20 asubuhi, hizo ni madumu 63 yaliyomwagika uwanjani kwa mvua moja.

Lakini kipima mvua kinasomwa na mtoto mmoja kwa siku, wengine wanaandika. Kivuli kinashinda kwa mikono. Jozi 30, fimbo 30, kila jozi na rula yake, na jua la Dodoma muhula wa pili halikosekani. Fimbo isimame wima kwa timazi ya uzi na jiwe, mita 1 kamili juu ya ardhi tambarare. Kama fimbo za mita hazipatikani, za nusu mita zinatoa nusu ya urefu wa kivuli. Weka alama ya ncha ya kivuli kila baada ya dakika 5, kuanzia saa 6 na robo mchana hadi saa 7 kasoro dakika 10. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri ya kweli, na Dodoma adhuhuri hiyo haiji saa 6 kamili. Mwanzoni mwa Julai ni saa 6 na dakika 42 hivi, Oktoba ni saa 6 na dakika 24, kwa sababu saa zetu zinafuata jua la longitudo 45, na sisi tuko magharibi yake.

Mwanzoni mwa Julai fimbo ya mita 1 ina kivuli cha sentimita 55 kikielekea kusini. Tarehe 5 Septemba kimebaki sentimita 23. Tarehe 20 Novemba ni sentimita 24, lakini kimegeuka, kinaelekea kaskazini. Katikati ya hapo, karibu tarehe 9 Oktoba, kinapotea kabisa. Jua liko utosini. Watoto wanaopima tangu Julai watakuwa wamekwisha kuikisia siku hiyo kabla haijafika, ukiwaachia wakisie.

Ikiangukia Jumamosi usihangaike. Siku tatu kabla au baada, kivuli hakizidi sentimita 2. Ila fimbo iwe nyembamba, kama kidole kidogo: yenye unene wa mpini wa jembe itakificha kivuli chote chini yake, na watoto watagombana ni siku ipi kilipotea.